Mnauliza chakula, lugha ama baridi, mimi nataka kuongea juu ya herufi R

Swali lenu la wiki hii, "Kijana akienda ng'ambo kufundisha Kiingereza, ni nini kigumu zaidi kuzoea: chakula, lugha ama baridi?", nimelisoma nikiwa nimekaa mbele ya feni mbili na bado jasho linanitoka. Baridi jameni! Kwani ng'ambo ni London peke yake? Mimi niko Roi Et, kaskazini mashariki mwa Thailand, huko wanaita Isaan, na Aprili hapa joto linapita digrii 40, mbwa wote wa mtaa wanalala mlangoni pa duka la 7-Eleven ndio mlango ukifunguka wapate kaupepo ka AC.

Chakula wacha nimalize haraka. Wanakula wali unaonata, unaufinyanga kwa vidole kama ugali unachovya, hapo mtu wa kwetu hana shida. Shida ni pla ra, samaki waliochachushwa kwenye mtungi, mwezi wa kwanza nilikuwa naziba pua, sai ni mimi namwambia mama wa som tam, ile saladi ya papai bichi, aongeze. Lugha nayo utajua tu, njaa itakufundisha.

Kitu kigumu kuzoea kilikuwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni wa Mwea, Kenya, nimezaliwa kwa mpunga. Mnajua vile watu wa huko kwetu tunavyosemwa, R na L zinabadilishana viti bila kuuliza mtu. Shule ya bweni walikuwa wananiuliza, ati kwenu mnalima lice, hao chawa mnauza gunia pesa ngapi? Miaka minne ya kuchekwa ni shrabu, yaani Kiingereza chenye lafudhi ya kwetu. Nikaamua nitasomea Kiingereza mpaka chuo kikuu, nikasimama mbele ya kioo na red lorry yellow lorry mpaka ulimi ukanyooka. Nikajua hiyo story imeisha.

Nilifika Mei 2024 (wao kalenda yao ilikuwa 2567, mara ya kwanza kujaza fomu nilidhani wamekosea), nikapewa kazi ya mwalimu msaidizi shule ya msingi. Wiki ya tatu nikaambiwa Jumatatu nitakaguliwa nikifundisha. Sasa Jumatatu walimu huku huvaa njano, ndiyo rangi ya siku aliyozaliwa mfalme, na mimi sikuwa na shati ya njano, nikaazima ya mwenzangu ikanibana makwapani hadi nikawa siwezi kuinua mkono vizuri. Mvua inapiga mabati. Saa mbili asubuhi bendera imepandishwa, watoto 38 wa darasa la pili wamevua viatu nje wamepanga, nami niko na soksi sakafuni, na nyuma ya darasa viti vitatu: mkuu wa idara, yule ejenti aliyenileta na kakitabu kake, na Pi, mama niliyekuwa namsaidia (Pi ni kama useme dada mkubwa, hamna mtu anaitwa jina tupu hapa).

Kadi za picha zinaenda vizuri. Dog, sawa. Fish, sawa. Nikatoa picha ya bakuli la wali.

Kijana mmoja ameng'oka meno mawili ya mbele akaruka juu: "Lai!" Kwa Kithai cha mtaani R inageuka L, halafu S ya mwisho wanaimeza, kwa hiyo rice ikifika hapo ni lai. Mimi nikatabasamu kama mwalimu, nikasogea, nikaweka kidole mdomoni waone vile ulimi unakaa, na nikasema kwa sauti kubwa na polepole ili hata wale wa nyuma wasikie, "No no. Listen. Lice."

Niliisikia ikitoka. Watoto 38 wakajibu kwa furaha yote waliyonayo, "LAI!" Nikarudia, ikatoka vilevile. Ya tatu ikatoka sawa lakini nani alikuwa anasikiza, walishapenda ile ya kwanza, wanapiga meza, lai lai lai. Pi amefunika mdomo na kitabu cha mahudhurio. Ejenti ameacha kuandika. Na mimi binti wa Mwea, na digrii yangu, kwenye shati ya njano ya kuazima, nimerudi kidato cha kwanza.

Baada ya kipindi ejenti akanivuta kando pale penye viatu. Sikutukanwa, aliongea kwa upole kabisa, akasema wazazi wakiuliza useme umetoka Afrika Kusini, Afrika Kusini watu wanajua wanaongea Kiingereza. Nikasema sawa. Hiyo "sawa" ndiyo bado inaniwasha. Wiki mbili nikawa mtu wa Afrika Kusini, na mtoto mmoja getini akaniuliza kwenu mnasalimiana vipi, nikashikwa na hofu nikamwambia "habari". Kwa hivyo kuna watoto Roi Et walisalimiana "habali" wiki mzima wakidhani ni Kizulu.

Nilimwambia Pi ukweli siku moja tukila. Alicheka mpaka akaweka wali chini. Akaniambia, unasikia watu wakisema chakula ni aroi, yaani kitamu? Nikamwambia mimi nasikia aloi. Akasema basi, ile R ya kuzungusha ni ya watangazaji wa televisheni, na hapa Isaan hata hiyo L ni ya kujidai, sisi kwetu shule si rongrian ni hong hian, na mkoa wenyewe watu hawasemi Roi Et, wanasema Hoi Et. Nikabaki nimeduwaa. Yaani nimevuka bahari nikimkimbia shrabu nikatua mahali jina la mkoa mzima limeshrabiwa na hakuna mtu anachekwa!

Nilipoanza kuandika hii nilitaka kuwaambia vijana msije, mtadharauliwa. Nimesoma hapo juu naona ejenti nimempa mistari michache na yule kijana wa mapengo nimempa ukurasa, sasa sijui nishike upande gani. Dharau iko. Nilifanya mtihani wa TOEIC kuthibitisha Kiingereza nilichosoma tangu darasa la kwanza, nalipwa baht 22,000 na Mwingereza wa shule jirani, kazi ileile, analipwa 35,000, na yeye amesomea mambo ya samaki. Lakini hizo 22,000 ni zaidi ya shilingi 80,000, na nyumbani nilikuwa nafundisha tuition sebuleni kwa watu. Kwa hivyo kama una digrii na umekaa tu, njoo. Ila usije na ejenti anayekwambia ingia kama mtalii viza ya kazi itapatikana mbele, huyo mkimbie, na kila siku 90 lazima uripoti uhamiaji, usisahau kama mimi. Na ukiambiwa useme umetoka nchi nyingine... mimi nilisema sawa, kwa hiyo siwezi kukuhubiria.

Wiki jana nilikuwa napita na pikipiki nikaona kina mama wameinama kwenye maji wanapanda miche, matope ya magotini, nikasimama kando nikawapiga picha nikamtumia mamangu. Akanijibu kwa sauti, nyuma naskia punda na redio: "Hawa wanapanda mistari imepinda. Hiyo ni wapi, bado uko huko Loi Et?"

Nikamwambia ndiyo mama, bado niko Loi Et.