Helikopta za uokoaji kupewa kampuni binafsi, nilichokiona mimi huku Wales

Mkuu umeuliza serikali ikikabidhi helikopta za uokoaji kwa kampuni, je mgonjwa ataanza kudaiwa hela? Nakujibu kwa niliyoyaona, mi naishi kaskazini mwa Wales, nalea wazee, mwaka wa 11 sasa.

Zamani hapa kazi hii ilikuwa ya jeshi, zile helikopta za Sea King za njano, hata Prince William aliziendesha pale kambi ya jeshi la anga ya Valley mpaka 2013. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikasaini na kampuni ya helikopta ya Bristow mkataba wa miaka 10, pauni bilioni 1.6, na 2015 kampuni ikaanza kuruka, jeshi likafunga virago. Sea King zilishazeeka kweli, za jeshi la anga zilianza kazi 1978, kwa hiyo mpya zilikuwa lazima, swali lilikuwa nani awe mwenye mali.

Sasa Oktoba 2016 tulipanda mlima Snowdon watu sita, dada mmoja wa kazini akateleza kwenye mawe, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Tukapiga 999, namba ya dharura. Waliotangulia kufika ni watu wa kujitolea, wanakijiji tu hawalipwi kitu, wakamfunga mguu wakamfunika vizuri. Baadae mngurumo ukasikika kutoka bondeni, helikopta ya Bristow aina ya S-92, nyekundu na nyeupe, ya kambi ya Caernarfon, tukaambiwa tukalie mabegi yasipeperuke na waya wa kuinulia mgonjwa tusiushike mpaka uguse ardhi kwanza maana unashuka na umeme. Jamaa aliyeshuka nao akapiga magoti matopeni, akamwinamia dada akamsemesha sikioni kwenye kelele zile zote mpaka dada akaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja wa wale wa kujitolea akaniambia huyu alikuwa jeshini, alishamuona mlimani enzi za Sea King. Dada akafikishwa hospitali Bangor na mpaka leo hajadaiwa hata pauni moja, anayelipa ni serikali.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, huku hadaiwi, na wale waokoaji nawaheshimu sana kwa kweli.

Kinachoniuma ni kingine. Vituo vya helikopta za uokoaji vilikuwa 12 vikawa 10. Halafu Mei 2019, mkataba uko katikati, kampuni mama ya Bristow kule Houston, Texas, Marekani, ikaelemewa na madeni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Helikopta hazikusimama, na mwaka haujaisha kampuni ikatoka kwenye hilo balaa, ila mi nilikosa amani, nikawa nawaza yule dada kulala kwenye mawe kumbe helikopta ya kumfuata inategemea mahesabu ya watu Texas! Baadae zabuni ikatangazwa upya, na 2022 akashinda huyohuyo Bristow. Na hata serikali ingetaka kurudisha kazi jeshini ingerudisha na nini, kikosi kilishavunjwa, Sea King zilishastaafu, watu wenye ujuzi wengine walishahamia huko kwenye kampuni.

Kwa hiyo kama nchini kwenu mjadala umeanza msiishie kuuliza bei tu. Dakika za helikopta kuruka baada ya kuitwa ziandikwe kwenye mkataba, huku kwenye ule mkataba wa 2013 zilikuwa 15 mchana na 45 usiku, na ulizeni mapema, siku mkataba ukiisha helikopta zinabaki za nani na marubani wanarudi kwa nani.