Ninunue au Niache? Maswali Yenu Kuhusu Magari ya Spoti

Wiki hii maswali mengi yameangukia jambo moja: mtu amependa gari la spoti, ana hela au karibu ana hela, lakini anaogopa litamfia. Mimi nayapenda magari haya na sioni aibu mtu kulitamani gari kwa sababu tu linamfurahisha. Ninachokataa ni mtu kumaliza mkopo wa miaka mitatu huku gari lenyewe liko juu ya mawe.

Kaka, habari za kazi. Kuna dalali hapa Dodoma mjini ana Mazda RX-8, namba D, inang'aa, na bei yake iko chini ya Toyota IST. Naishi Nzuguni, kazini ni Mtumba. Watu wananitisha kuhusu injini. Ninunue? – Mtumishi, Nzuguni

Nzuri ndugu yangu. Wanaokutisha wana sababu, na hiyo bei yenyewe imeshakuambia kitu.

Injini ya RX-8 haina pistoni. Ndani yake kuna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na kwenye kila pembe kuna sili nyembamba inayozuia mgandamizo usivuje. Sili hizo sita ndizo roho ya gari. Zikilika, nguvu inapungua na injini inaanza kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Halafu kuna suala la oili: injini hii imetengenezwa ichome oili kidogo kidogo ili kuzilainisha sili. Mwenye gari asiyelijua hilo hapimi oili, anangoja taa ya dashibodi imwambie, na kufikia hapo uharibifu umeshaanza. Mazda wenyewe, kule Marekani, walilazimika kuongeza dhamana ya injini hii hadi miaka 8 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000. Kiwanda hakifanyi hivyo kwa ukarimu.

Kama moyo bado unakuvuta, mwambie dalali unataka kulikuta gari la baridi asubuhi, asiliwashe kabla hujafika. Liwashe, liendeshe mpaka Ihumwa na kurudi, lizime, subiri kama dakika kumi, uwashe tena. Starta ikizunguka muda mrefu ndipo lishike, mshukuru dalali na uondoke. Likifaulu, bado linatakiwa kupimwa kompresheni, yaani ule mgandamizo, kwa kifaa cha injini za rota. Geji ya kawaida haifai, kwa sababu kila rota ina pande tatu na geji hiyo haikuonyeshi upande upi umechoka. Muulize fundi wako kama anacho hicho kifaa. Akibabaika, basi hata siku gari likigoma hatakuwa na cha kukusaidia, na hilo kwangu ni zito kuliko hali ya gari lenyewe.

Jambo la mwisho: injini hii haipendi kuwashwa, kusogezwa uani na kuzimwa ikiwa bado baridi. Plagi zinaloa petroli na kesho haliwaki. Na kwa safari za mjini usitegemee zaidi ya kilomita 7 au 8 kwa lita.

Kwako wewe, ambaye hili ndilo litakuwa gari pekee la kukufikisha kazini, nasema usinunue. Hela hiyo iongezee utafute Toyota Mark X ya injini ya lita 2.5 iliyotunzwa. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina nguvu za farasi zaidi ya 200, valvu zake zinaendeshwa na cheni ya taimingi badala ya mkanda, na spea zake zimejaa. Nayo ina kasoro yake: mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo masizi hujikusanya kwenye valvu na lazima yasafishwe. Lakini hiyo ni kazi ambayo mafundi wengi wameshaifanya.

Shikamoo. Nina miaka 26. Nimepata Subaru Impreza WRX ya 2004, mwenyewe amefunga tabo (turbo) kubwa na ekzosi nyingine, anasema sasa ina nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Inafaa? – Kijana wa Makole

Marahaba mwanangu. Gari zuri, ila hilo liache. Muulize nani alipanga upya kompyuta ya injini baada ya tabo kubadilishwa, na karatasi za kazi hiyo ziko wapi. Tabo kazi yake ni kusukuma hewa kwenye injini, na kubwa inaingiza hewa zaidi. Mafuta yasipoongezwa kwa kipimo, moto wa ndani ya silinda unapanda na pistoni zinapasuka. Kumbuka pia kwamba WRX za Japani zilipangiwa petroli ya oktani (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati) karibu 100, na ya vituo vyetu haifiki huko. Ukiongeza tabo juu ya hapo, unaisukuma injini ambayo tayari iko ukingoni.

Tafuta ambayo haijachezewa. Kisha ulizia mkanda wa taimingi: Japani hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinagongana na pistoni. Usikubali neno la mdomo. Kama hakuna risiti, weka bei ya mkanda mpya na vipuri vyake kwenye hesabu ya kununulia, ubadilishe wiki hiyo hiyo. Oili badilisha kila kilomita 5,000, na vuta stiki uikague kila unapojaza mafuta. Ukitaka kujua kama linachemsha, usilijaribu kwenye tambarare za hapa mjini. Lipeleke lipande kutoka Dumila kuja Gairo mchana wa jua kali, jicho likiwa kwenye geji ya joto.

Toyota Altezza inavumilia Dodoma? Napita barabara ya vumbi kila siku. – Ilazo

Inavumilia. Angalia filta ya hewa mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, na usiishushe kimo. Matuta ya mitaani yatakula bampa na ekzosi. Kumbuka tu kwamba utengenezaji wake ulikoma 2005, kwa hiyo mipira, bushi na paipu za maji zimezeeka hata kama kilomita ni chache.

Nataka kuagiza Toyota 86 ya 2013 kutoka Japani. Ni gari jipya kiasi, halitanisumbua, sivyo? – Mfanyabiashara, Kibaigwa

Gari la 2013 limeshavuka miaka 10, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. Tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla hujatuma hata dola moja.

Upande wa injini, mwaka 2018 Toyota na Subaru waliziita zirudi gereji 86 za mwanzo na pacha wake Subaru BRZ, zilizotengenezwa 2012 na 2013, zibadilishiwe springi za valvu zilizokuwa zinaweza kukatika. Kazi yenyewe inataka injini ishushwe, na Marekani wapo wenye magari walioharibikiwa baada ya matengenezo kwa sababu gundi ya kuzibia iliwekwa nyingi mno. Kwa hiyo mwombe muuzaji namba ya chesesi, uhakikishe kazi ilifanyika na lini. Au ongeza hela uchukue la miaka ya karibuni zaidi: unaikwepa ile asilimia 30, na springi hizo pia.

Kaka, mume wangu anataka kuuza RAV4 yetu anunue gari la milango miwili. Tuna watoto watatu. Nikimkatalia anasema simwelewi. – Mama wa Area D

Dada yangu, pole. Mwambie unamwelewa, na mimi namwelewa. Lakini gari la aina hii linataka siku za kukaa gereji likisubiri spea kutoka Dar au Japani, na siku hizo watoto wanakwenda shule na mgonjwa anapelekwa hospitali. RAV4 ibaki. Aanze kuweka akiba, na kiasi cha kununulia kikitimia, aweke kando theluthi yake nyingine kwa ajili ya mwaka wa kwanza wa matengenezo. Asipoweza kuiweka hiyo theluthi, bado hajafika bei.

Akifika, msindikize kwenda kulikagua. Kama liko Dar, nendeni kwa SGR na fundi wenu mkimlipia tiketi, ili msirudi na gari kwa sababu tu mmekosa usafiri mwingine.