Nilikwama kwenye karabai

Mhariri, mmeuliza kwa nini vijana wetu wanamaliza kidato cha nne bila kuweza kuzungumza Kiingereza. Najua wengi watawalaumu walimu. Mimi nauliza kwanza: huwa wanazungumzishwa kuhusu nini?

Nilikuwa kidato cha pili hapahapa Kigoma. Mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja tueleze safari ya ndege. Ndege nilizijua kwa kuzitazama zikipita juu. Nikasema sentensi mbili, nikanyamaza, nikaketi nikiamini sijui Kiingereza kabisa.

Wiki iliyofuata mada ikawa kazi ya mzazi. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, mwalo wa Kibirizi. Nilisimama kwa furaha. Nikaeleza kwamba wakati wa mbalamwezi watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu, maana mwezi ukiangaza ziwa zima, dagaa hawaifuati taa. Giza likirudi, wanaondoka jioni na taa za karabai. Hapo nikakwama. Karabai niliijua inavyopigwa pampu, inavyovuma, lakini jina lake kwa Kiingereza sikuwa nalo. Nikasema "karabai" hivyohivyo. Darasa likacheka, mwalimu akawanyamazisha, akaniambia endelea. Nikaendelea: wavu kushushwa, wavu kuvutwa, dagaa kuanikwa mchangani alfajiri. Kila hatua nilisimama kutafuta neno. Niliongea kuliko wote, na bado mwenzangu aliyekariri safari yake ya ndege alinizidi alama. Iliniuma sana.

Nilipokuja kusomea ualimu nilikuta wataalamu wa upimaji wa lugha, Bachman na Palmer, mwaka 1996, wameyatenga maarifa ya mada na uwezo wa lugha, wakimtaka mtunga mtihani aamue kwanza anapima kipi. Nilifarijika.

Nilianza barua hii nikitaka kusema vijana wa ziwani waulizwe mambo ya ziwa, basi. Sasa nasita. Siku ya ndege nilikosa la kusema. Siku ya dagaa nilikosa la kusemea. Niliyoyajua yote nilikuwa nayo kwa Kiha na Kiswahili. Yalinifungua kinywa, na hilo si dogo, ila hayakunipa maneno ya Kiingereza. Labda kwa mtoto wa mjini ni tofauti, na mada za ugenini nazo atakutana nazo mbele ya safari, kwa hiyo sisemi zifutwe.

Lakini mwalimu yule angeniuliza siku moja kabla nitaeleza nini, akaniandikia maneno kumi tu ubaoni, ningewafikisha wenzangu hadi dagaa wanapofungwa kwenye magunia.