Vidonge vya kuzuia wanga: je, nitapungua uzito huku nikiendelea kula ugali?

Swali: Habari yako daktari. Nina miaka 41, naishi Donholm, na uzito wangu ni kilo 92. Mwezi jana nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikawa 6.3, nikaambiwa bado si kisukari lakini nijichunge. Mwenzetu mmoja wa chama anauza vidonge vya kuzuia wanga vilivyotengenezwa kwa maharagwe meupe. Anasema ukimeza viwili kabla ya chakula, ugali na chapati vinapita tu bila kunenepesha. Chupa ni shilingi 4,500. Je, ni kweli? Na kama dawa yenyewe ni maharagwe, siwezi kujisagia nyumbani nikaokoa pesa?

Jibu: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kukulaza hospitalini. Usisage maharagwe mabichi ukayala. Maharagwe haya ya kawaida yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, na punje nne au tano ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha saa chache tu baada ya kula. Dawa yake ni moto: loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha yatokote sawasawa mpaka yaive. Lakini moto huohuo huharibu pia ile protini inayozuia wanga, kwa hiyo jikoni hakuna njia salama ya kuipata. Viwandani huitenganisha na kuipunguza ile lektini kabla ya kuitia kwenye kidonge.

Sasa tuje kwa vidonge vyenyewe. Wanga ni kama mkufu mrefu wa shanga, kila ushanga ukiwa sukari ya glukosi. Utumbo hauwezi kuufyonza mkufu mzima. Kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachotoka kidogo kwenye mate na kwa wingi kwenye kongosho, huukata vipande vifupi, halafu vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba humalizia kuachanisha shanga moja moja, nazo ndizo zinazoingia kwenye damu. Protini ya maharagwe meupe hushikana na amilesi na kuizuia kukata. Hapo muuzaji wako hajakudanganya, kazi hiyo inajulikana vizuri kisayansi. Tatizo ni kiasi. Kongosho yenye afya hutoa amilesi nyingi kupita mahitaji ya mlo mmoja, na ukiizuia sehemu, inayobaki bado inaendelea kukata.

Biashara hii si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vidonge vya namna hii viliuzwa kwa fujo Marekani, mpaka mwaka 1982 mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikaagiza viondolewe sokoni. Mwaka huohuo watafiti wa Dallas waliwalisha watu watano mlo wenye gramu 100 za wanga, siku moja pamoja na vidonge na siku nyingine pamoja na vidonge bandia visivyo na dawa ndani, kisha wakapima kalori zilizotoka kwenye choo. Kama vidonge vingezuia wanga wote, choo kingepaswa kubeba kalori 400 za ziada. Hakikubeba kitu cha maana: siku zote mbili zilikaribia kalori 80. Baadaye dondoo za maharagwe zilizosafishwa vizuri zaidi zilionyesha kwamba zinaweza kweli kupunguza nguvu ya amilesi ndani ya utumbo, na ndizo zilizorudi madukani. Lakini mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuona upungufu wa uzito unaoweza kutegemewa kitakwimu. Mafuta ya mwili yalipungua kidogo, na waandishi wenyewe walilalamikia ubora wa majaribio yale: yalikuwa madogo na ya wiki chache tu.

Tupige hesabu ya meza yako. Tuseme ugali wako umetokana na unga gramu 150. Hapo kuna wanga kama gramu 110. Sasa tukifanyie kidonge ukarimu, tuseme kimezuia sehemu moja ya kumi, yaani gramu 11. Gramu 11 za wanga ni kalori 44. Lakini wanga usiomeng'enywa haupotei. Unateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na mwili wako unafyonza asidi wanazozitengeneza, kiasi cha kalori 2 kwa kila gramu. Kwa hiyo ulichookoa ni kalori 22 hivi, sawa na kijiko kidogo kimoja na nusu cha sukari. Ukimeza kabla ya chakula cha mchana na cha jioni, ni vijiko vitatu kwa siku. Na ukinywa chai vikombe vitatu, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili, umeshaingiza sita, na kidonge hakigusi hata kimoja.

Hili la mwisho ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Amilesi hukata wanga peke yake. Sukari ya mezani haihitaji amilesi, kwa hiyo kizuizi hiki hakina la kufanya juu ya sukari ya chai, soda, juisi ya boksi au keki, wala asali. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, na zote zinaingia. Mafuta nayo hayaguswi. Chapati ni unga na mafuta, mandazi ni unga, sukari na mafuta, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Aliyekuambia chapati itapita tu hakuhesabu kilichomo ndani yake. Tena kuna hatari ninayoiona mara kwa mara hapa kwenye duka letu la dawa: mtu akishameza kidonge anajiona amelindwa, anaongeza kipande cha pili cha ugali, na faida yote inaishia hapo.

Madhara yake mengi ni ya tumbo: gesi, kujaa, kuunguruma, pengine kuharisha, kwa sababu ya uchachushaji niliousema. Kwa mtu anayepanda matatu kila asubuhi kutoka Donholm kwenda mjini hilo si jambo dogo. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa utumbo namwambia asitumie kabisa. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi azungumze kwanza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Kuna dawa halisi inayofanana na hivi, akabosi. Hii ni ya kuandikiwa na daktari, humezwa na tonge la kwanza la mlo, na inazuia pia vile vimeng'enya vya mwisho kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo hata sukari ya mezani inacheleweshwa. Imekuwa ikitumika dhidi ya kisukari tangu miaka ya 1990. Nayo pia, pamoja na nguvu zake zote, hupunguza uzito kidogo sana. Ikiwa dawa yenye kipimo kamili inafika hapo tu, usitegemee makubwa kutoka kwa chupa ya chama.

Nikuombe uiangalie chupa yenyewe. Je, imeandikwa jina la kiwanda, kiasi cha dondoo kwa kila kidonge, namba ya toleo na tarehe ya kuisha? Je, muuzaji anaweza kuonyesha kwamba imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ile tunayoiita PPB? Siulizi kwa urasimu. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta bidhaa za kupunguza uzito zinazojiita za asili zimefichwa ndani yake sibutramini, dawa ya kuzuia hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kidonge cha maharagwe kikikufanya moyo ukimbie, mdomo ukauke, usingizi upotee na njaa ikatike ghafla, acha mara moja na uende hospitalini ukiwa na chupa mkononi.

Kuhusu ile 6.3 yako: iko katika eneo la hatari, lakini ni eneo ambalo watu wengi hurudi salama. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwalenga watu wa hali kama yako, ukawataka wapunguze asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58, zaidi hata ya kundi lililopewa dawa ya kisukari iitwayo metformini, ambalo lilipungua kwa asilimia 31. Kwako asilimia 7 ni kama kilo 6 na nusu. Huhitaji kurudi umbo la usichana.

Wala sikukatazi ugali. Punguza kipande mpaka kiwe robo ya sahani, nusu nzima iwe sukuma wiki, managu au kunde, na robo iliyobaki iwe ndengu, omena, yai au hayo maharagwe yenyewe yakiwa yameiva. Maharagwe yaliyopikwa yamepoteza kizuizi cha amilesi, lakini yana nyuzinyuzi na protini, yanashibisha na hayapandishi sukari haraka. Shilingi 4,500 zinanunua ndengu na maharagwe ya wiki nyingi. Chai ianze na kijiko kimoja, kisha nusu. Ukishuka matatu, shuka vituo viwili kabla ya nyumbani, mradi njia ni salama na bado kuna mwanga.

Kama tayari umeinunua chupa na imesajiliwa, pengine hutadhurika ukiimaliza kwa kipimo kilichoandikwa, ila usinunue ya pili. Baada ya miezi mitatu rudia kipimo cha sukari, na uombe pia kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Mwambie daktari kila kitu unachomeza, vidonge vya chama vikiwemo.