Muulize Fundi: Rangi imebabuka, boksi limeoza

*Shikamoo fundi. Mwaka jana mwezi wa nne nilimwita kijana anitengenezee boksi la kupandia mboga, maana uwanja wetu hapa Soweto tumeujaza vitofali hadi getini. Alileta mbao za paina, akapigilia, akapaka rangi ya mafuta ya kijani ndani na nje, na kesho yake nikajaza udongo. Lilipendeza kweli. Kufika Desemba rangi inatoka kama magamba ya samaki, na chini ukibonyeza kidole kinazama. Safari hii nataka nitengeneze mwenyewe na mwanangu wa kidato cha pili. Jirani anasema nipake oili chafu kwanza, rangi ije juu yake. Nimsikilize? Nataka kupanda mnavu na sukuma wiki.*
Mama wa wawili, Moshi

Marahaba mama. Jirani mshukuru, lakini oili chafu usiiguse.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi niliigusa. Boksi langu la kwanza nililitengeneza harakaharaka ili nimfurahishe mke wangu. Oili nikapewa bure gereji, nikaipaka ndani na nje hadi mbao ikawa nyeusi kama sufuria la kuni. Mchwa kweli hawakuja. Mnavu nao haukuja. Miche iliyokaa karibu na kuta ilinyauka yote, ikabaki michache ya katikati, na hiyo mke wangu akakataa kuipika, akasema inanuka gereji. Alikuwa sahihi. Oili iliyokwisha kuzunguka kwenye injini imebeba masizi na vumbi la vyuma, na vyote hivyo vinaingia kwenye udongo utakaokupa mboga. Nikajaribu kuficha aibu kwa rangi nyeupe. Ikateleza kama maji kwenye jani la gimbi, haikushika hata mahali pamoja.

Sasa tuje kwa kijana wako. Simlaumu kwa yote, wengi tulifundishwa hivyo hivyo: paka rangi nyingi, kila mahali, mbao itapona. Lakini mbao inaozeshwa na kuvu, na kuvu haili mbao kavu. Mwezi wa nne Moshi ni masika. Paina iliyolala nje kwa muuza mbao siku hizo imelowa hadi kwenye moyo, na yeye akaifunga na maji yake ndani ya rangi ya mafuta. Halafu ukaweka udongo, ukamwagilia kila jioni. Maji yakapenya kwenye viungo na kwenye matundu ya misumari, yakatembea ndani ya ubao yakitafuta pa kutokea, yakakuta nje kumefungwa. Jua la saa saba likiyapasha yanaisukuma rangi kwa nyuma. Ndiyo magamba uliyoyaona.

Nilipokuwa kijana nilitengeneza sana vichanja vya kuanikia kahawa kule Kibosho, mbao hizi hizi laini na wavu wa waya. Kichanja kinanyeshewa, kinaanikiwa kahawa mbichi inayochuruzika, na kinadumu miaka, wala hakuna anayekipaka rangi. Kimeinuka, upepo unapita chini, maji hayana pa kukaa. Boksi lako nalo tulijenge kwa akili ya kichanja, rangi tuifikirie mwisho.

Nunua mbao tatu za inchi moja kwa nane na moja ya inchi mbili kwa mbili, zote za futi 12, paina au saiprasi. Uchague mwenyewe. Iliyo mbichi ni nzito, baridi mkononi, na ukipigilia msumari utaona unyevu ukijitokeza pembeni yake. Muuzaji akikuambia "itakaukia nyumbani", mwambie na hela nayo itakuja ikikauka. Mbao mbili za kwanza kata kila moja vipande vitatu vya sentimita 120. Ya tatu toa vipande vinne vya sentimita 40, masalio yana kazi, usimpe mtu. Mbili kwa mbili inatoa miguu minne ya sentimita 50, vibebeo vitatu vya 40 vya kukaa chini ya sakafu, na kimoja cha 40 cha kufunga kiuno. Ukijumlisha inakuja sentimita 360, na futi 12 ni kama 366. Sita zinazobaki ni za kuliwa na msumeno, kwa hiyo mwanao apime mara mbili kabla ya kukata.

Kuta ndefu ni mbao mbili moja juu ya nyingine, kuta fupi vilevile, zikae katikati ya zile ndefu. Miguu iwe ndani ya kona, ichomoze chini ya kuta kama sentimita 12. Vibebeo vitatu vifungwe ndani, usawa wa ukingo wa chini. Vipande viwili vya 120 vilivyobaki ndivyo sakafu: vifupishe kidogo viingie ndani, ukate na kona zikwepe miguu. Mbao ikipigwa randa ile nane inabaki sentimita 19 hivi, kwa hiyo sakafuni utabaki na upenyo wa sentimita moja katikati na nusu nusu pembeni. Usiuzibe. Ongeza matundu ya kekee, unene wa kidole kidogo, kila baada ya sentimita 15.

Tumia skrubu za inchi mbili zilizopakwa zinki, toboa kwanza ndipo ufunge. Misumari ndiyo iliyolifungua boksi lako la kwanza. Mbao inavimba ikilowa na kunywea ikikauka, na kila mara inausukuma msumari nje kidogo.

Kile cha kufunga kiuno wengi wanakiruka. Boksi hili litabeba zaidi ya lita 120 za udongo, na udongo uliolowa unakaribia kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji inayosukuma kuta kutoka ndani usiku na mchana. Bila kizuizi, kufika mwezi wa tatu lina tumbo. Chukua masalio ya mbao ya tatu, pasua vipande vya wima, funga kimoja katikati ya kila ukuta mrefu kwa ndani kishike mbao zote mbili, kisha kile cha 40 kikatize juu kutoka ukuta hadi ukuta. Mnavu utakifunika, hutakiona.

Wapo watakaokuambia umwage kokoto chini ili maji yapite. Achana nazo. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe. Yanagoma pale pale mpakani mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto zinaupandisha unyevu karibu na mizizi na kukupunguzia kina. Una sentimita 30 tu, na sukuma wiki inazitaka zote. Tandaza kipande cha neti ya kivuli juu ya sakafu kizuie udongo usimwagike, basi. Kwenye kuta za ndani bana nailoni nyeusi ianzie chini kidogo ya ukingo na kuishia sakafuni. Isipite sakafuni! Ukiivusha umetengeneza ndoo.

Udongo wa kichanga tupu utachoka, wa mfinyanzi utaziba. Mimi nachanganya madebe mawili ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza vizuri, na moja la mapumba ya mpunga. Sisi watu wa Moshi hatuna sababu ya kukosa mapumba, mashamba ya mpunga yako hapo chini tu. Yanapunguza na uzito.

Rangi sasa. Ndani usipake kitu. Nje piga msasa namba 120, futa vumbi, kisha anza na vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata. Maji yanaingia hapo kwa kasi kuliko ubavuni, kama mrija. Vipake praima, ile rangi ya kutangulia, mara tatu kabla hujafunga skrubu hata moja, maana ukishaunganisha nusu ya vichwa huvifikii tena. Nikiambiwa nichague kazi moja tu ya rangi katika boksi zima, nachagua hiyo. Kwenye macho ya mbao, pale matawi yalipoota, paka kwanza sila ya kuziba, la sivyo utomvu wa paina utatokeza madoa ya manjano kwenye rangi yako.

Baada ya praima, paka mikono miwili ya rangi ya maji ya ukuta wa nje. Najua rangi ya mafuta inang'aa na mafundi wenzangu watanicheka. Lakini boksi lenye udongo litakuwa na unyevu maisha yake yote, na rangi ya maji inauacha unyevu upumue utoke, tena inavutika mbao ikivimba. Ikichakaa inafubaa taratibu, unapaka mkono mmoja juu yake bila kukwangua. Chagua nyeupe, krimu au kijani kibichi chepesi. Nyeusi na kahawia iliyokolea ni nzuri kwa macho, ila kwa jua letu la Januari zinaupika udongo.

Kopo la lita moja linakutosha na zaidi ya nusu inabaki. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na nje ya boksi lako haifiki hata moja na nusu. Muuza rangi akikushawishi uchukue la lita nne, ana watoto wa shule.

Paka asubuhi umande ukishakauka, kivulini, usipake kwenye jua kali kwani linatoa malengelenge. Januari na Februari ni miezi mizuri. Julai yetu ya mawingu na manyunyu iache ipite. Ukimaliza, boksi likae siku saba hivi bila udongo, na miguu isimame juu ya vipande vya tofali. Hapo mchwa wakitaka kupanda watajenga njia yao nje, utaiona na kuibomoa kwa fagio.

*Habari fundi. Nimepata mapaleti manne ya bure kiwandani, na pia nina milango miwili ya zamani ya nyumba ya bibi, mbao ngumu kweli. Muuza mbao naye anasema nichukue zake zenye dawa, haziozi. Kipi kinafaa kwa boksi la mboga?*
Msomaji wa Sakina, Arusha

Salama kijana wangu. Paleti ligeuze utafute muhuri uliochomwa ubavuni, wenye picha ya suke la ngano na herufi za nchi lilikotoka. Ukiona HT, limetiwa joto tu, tumia. Ukiona MB, limefukizwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, mboga zako zisilijue. Lisilo na muhuri huna habari zake, na lenye doa la mafuta au harufu ya dawa lirudishe hata kama ni bure.

Milango ya bibi isikufanye uchukue msasa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, kwa watoto zaidi. Mlango bora ubaki mlango.

Mbao zenye dawa, zile za kijanijani, mara nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani viwanda viliacha kuzitengeneza kwa matumizi ya nyumbani mwisho wa mwaka 2003. Hazina mpinzani kwa nguzo za uzio, na kwa boksi la maua sina ugomvi nazo. Kwa mboga hapana. Na vipande vinavyobaki, nakuomba sana, visiende jikoni. Moshi wake ni sumu na majivu yake pia, hata kuku wasiyaogee. Nimeona watu wakipikia makande kwa vipande hivyo na mimi nikashindwa kukaa.

*Fundi, baba ameangusha mti wa mgrevilea kihambani, shamba letu la nyumbani, tumeshapasua mbao za inchi moja. Naweza kutengeneza boksi wiki ijayo?*
Kijana wa Uru

Wiki ijayo hapana. Zipange kivulini, juu ya mawe, kila mbao ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja, na uzito juu zisijikunje. Kisha kata kipande kimoja kama cha futi moja, kipeleke dukani kikapimwe kwenye mizani ya sukari, andika uzito kwa penseli juu yake, ukirudishe kwenye rundo katikati. Kila Jumamosi kipime tena. Mwanzo kitapungua kwa kasi, baadaye kidogo kidogo. Jumamosi mbili zikifuatana uzito haujashuka, chukua randa. Vaa shati la mikono mirefu siku hiyo. Vumbi la mgrevilea linawatoa baadhi yetu vipele, mimi nilijikuna hadi Jumatano.