Usirudi Mwanza na mvinyo wa dumu kutoka Dodoma

Usichukue hayo madumu. Umeandika kwamba mwezi Agosti unakwenda Dodoma kukitembelea kiwanda cha mvinyo cha familia moja, ukauliza ulale wapi, uvae nini shambani na uonje vipi bila kujiaibisha, kisha mwishoni kabisa ukagusia kwamba utarudi Mwanza na madumu mawili ya lita 20 kwa ajili ya sherehe ya kumuaga dada yako, kwa kuwa bei ya mvinyo unaochotwa moja kwa moja tangini ni nafuu. Hilo ulilolitaja mwishoni ndilo litakalokugharimu, na kwa sababu lilinigharimu mimi siwezi kukaa kimya.

Nilichukua madumu ya namna hiyo kwa ajili ya siku ya kupokea posa ya mdogo wangu, nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza. Moja lilikuwa la mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu za Makutupora, la pili la mweupe wenye utamu wa zabibu za Chenin Blanc. Pale kiwandani mvinyo ulikuwa mzuri kwelikweli. Mama mwenye kiwanda alifungua koki ya tangi la chuma, akakinga kidogo kwenye glasi, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga ili nione rangi, na nilipoinusa nikapata harufu ya zambarau zilizoiva. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wageni wako wanakunywa lini?" Kabla sijafungua mdomo, dalali aliyenipeleka akadakia: "Keshokutwa tu, mama." Sherehe ilikuwa bado wiki kadhaa. Mama yule alijaza madumu akiamini kwamba yatamalizwa mara moja, na angejua ukweli nina hakika asingeniruhusu kuyabeba.

Dalali yule sijamsamehe. Alikuwa akilipwa kwa lita, kwa hiyo kila lita niliyobeba ilikuwa fedha mfukoni mwake, na njia nzima alinihubiria kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mtamu. Huo ni ukweli uliokatwa katikati. Ipo mivinyo michache inayonufaika na kukaa, lakini hukaa ndani ya chupa iliyozibwa vizuri, gizani, mahali penye ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15 hivi, na hata hivyo mvinyo mwingi duniani hutengenezwa ili unywewe ungali mchanga. Kumwambia mtu wa Mwanza kwamba kanuni hiyo inahusu dumu la plastiki lililowekwa stoo chini ya bati ni kumwibia mchana kweupe.

Elewa kinachotokea. Tangini mvinyo hujazwa hadi juu ili hewa isipate nafasi, na wenyewe huupima na kuutia dawa ya salfa inayozuia usiharibike. Ukiumimina kwenye dumu, unauchanganya na hewa papo hapo, na plastiki yenyewe huendelea kupitisha hewa kidogo kidogo. Bakteria wa siki wanahitaji vitu viwili tu, yaani hewa na joto, ili waanze kuigeuza pombe kuwa siki. Kama mvinyo una sukari iliyobaki na haukuchujwa kuondoa hamira, hamira hiyo huamka kwenye joto, ikaanza tena kula sukari na kutoa gesi. Sasa fikiria safari yenyewe: Dodoma, Manyoni, Singida, mteremko wa Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, karibu kilomita 700 ndani ya buti la basi katika jua la mchana.

Asubuhi ya posa, dumu la mweupe lilikuwa limevimba tumbo hata halisimami sawasawa, na nilipolegeza kifuniko kikaruka, povu likamwagika sakafuni. La mwekundu halikuvimba, ila vijiinzi vidogo vya matunda vilikuwa vimejaa kwenye kifuniko, juu ya mvinyo umetanda utando mwembamba wa kijivu, na harufu iliyotoka ilikuwa ya siki ya kachumbari. Wazee wa upande wa pili walikuwa tayari wamekaa sebuleni. Tulimtuma kijana dukani kununua bia, soda na chupa za mvinyo kwa bei ya duka, juu ya fedha ambazo nilikwisha kuzilipa Dodoma na nauli ya mzigo.

Wewe unakwenda Agosti, na hapo hatari inaongezeka. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo utakuta mvinyo ukichacha mapipani na maganda ya zabibu yakishindiliwa, jambo ambalo ni zuri sana kulitazama, lakini dalali anaweza kukuuzia mvinyo mchanga ambao hamira yake bado iko hai. Cha tangini kinywe palepale kiwandani, ukishibe. Kitakachopanda basi kiwe kimechujwa na kuzibwa kwenye chupa na wenye kiwanda, chenye stempu ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato, ambayo dumu haliwezi kuwa nayo endapo utasimamishwa njiani.

Lita 40 ni takriban chupa 53 za mililita 750, yaani maboksi manne ya chupa 12 na chupa tano juu. Boksi moja au mawili weka miguuni pako ndani ya basi, mengine agiza yasafiri kwa gari la usiku. Itakuwa ghali kuliko madumu, ndiyo, lakini wageni wa dada yako watakunywa mvinyo.

Kabla hujakata tiketi, tafuta namba ya mwenye kiwanda mwenyewe, mpigie bila kumpitia mtu yeyote, mtajie tarehe halisi ya sherehe, kisha umuulize ana chupa ngapi zilizokwisha kuzibwa.