Kabla Hujakata Chesisi: Kwa Wanagenzi wa Magari ya Zamani, Mombasa

Siku hizi mteja wa gari la zamani haombi lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Anakuja na simu mkononi, anakuonyesha picha ya pikapu ya Chevrolet ya miaka ya hamsini iliyokaa chini vizuri, na anakwambia: "Fundi, nataka ipande matuta kama Toyota Crown." Maana yake ni ing'olewe ile ekseli ya mbele ya kipande kimoja pamoja na springi zake bapa, na mahali pake pawekwe suspensheni inayojitegemea, kila gurudumu na mikono yake miwili, koili yake na shoki yake. Kwenye ekseli ya zamani gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo hulazwa upande, na usukani unakurukia mkononi. Kwa hiyo ombi lina maana. Ila mwanagenzi akiona seti ya suspensheni mpya imefunguliwa sakafuni hukimbilia mashine ya kuchomelea. Kuchomelea ni kazi ya asubuhi moja. Vipimo vya kabla yake ndivyo vinavyokula siku, na hapo ndipo gari hili hupona au huharibika.

Ulijue gari kwanza. Peugeot 404 iliyotoka 1960 na 504 ya 1968 zote zina suspensheni inayojitegemea mbele tangu kiwandani. Mwenye 504 akija na ombi hili mbadilishie bushi, shoki na bolijointi, atakushukuru. Land Rover za Series na Land Cruiser FJ40 zina ekseli nzima mbele, kweli, lakini ekseli hiyo inasukuma gari, na seti tunazozungumzia hapa ni za gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Hizo ziacheni zilivyo.

Halafu muulize mwenye gari anabeba nini. Kama pikapu bado inapakia mawe ya kujengea, mimi simfungii. Namwekea kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) na bushi mpya, springi zinafunguliwa, zinasafishwa na kupakwa grisi, anapata shoki nzuri na tairi za radial, na chenji inabaki. Watu wengi wanaolalamikia ekseli ya zamani hawajawahi kuiendesha ikiwa nzima.

Seti nyingi za kununua zimejengwa kwa ramani ya Ford Mustang II, gari la Marekani la 1974 hadi 1978. Ilipendwa kwa sababu suspensheni yake ni ndogo, reki ya stelingi (fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu kulia na kushoto) inakaa mbele ya magurudumu, na mzigo wote unashikwa na krosmemba moja (chuma kinachokatiza chesisi toka upande hadi upande) inayoweza kuchomelewa kwenye chesisi nyingine. Seti za leo zina vipande vichache sana vya Ford yenyewe. Kilichobaki ni vipimo. Kabla mteja hajalipa, pata namba za bolijointi, bushi na bearingi, uzunguke nazo madukani. Kipuri ambacho lazima kisubiri meli Kilindini kila kikiisha ni kipuri cha gari la maonyesho. Ndiyo maana mafundi wengine huona heri kukata mbele nzima ya pikapu ya Toyota iliyochoka na kuipachika, na siwacheki, mradi wapime kwa uangalifu uleule.

Sasa reki. Seti zimetengenezewa hasa Marekani, ambako usukani uko kushoto. Wewe unahitaji ya usukani wa kulia, na iandikwe hivyo kwenye oda na kwenye risiti. Duka moja la ng'ambo lilimletea mteja wetu reki ya kushoto ilhali oda ilisema kulia, na gharama ya kuirudisha ilikaribia bei ya reki yenyewe. Hapo ndipo mtu hushawishika kuigeuza juu chini ili mdomo wake wa kupokea shafti ya usukani uhamie kulia. Utahamia, naam, na itafungika vizuri tu. Kisha utakata usukani kulia na gari litakwenda kushoto.

Jambo dogo linalosahaulika ni stadi za magurudumu. Pikapu ya Chevrolet ya nusu tani ya enzi hizo ina stadi 6, kwenye duara la inchi 5.5. Habu za Mustang II zina 5, duara la inchi 4.5. Usipouliza mapema, gari litakuwa na rimu za aina mbili na spea moja isiyofaa nusu ya gari. Zipo seti zenye diski za stadi 6. Agiza hizo, au ubadilishe na nyuma.

Chesisi ya gari lililozeeka Pwani usiiamini kwa macho. Chukua nyundo ndogo, gonga kila shubiri kuanzia bampa hadi chini ya miguu ya dereva. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa. Chumvi hujificha pale vyuma viwili vilipolaliana kwa ribiti, na pale ndipo krosmemba mpya itakapotaka kukaa. Ukiona kutu imeingia katikati ya mapachiko, kata na ujenge upya kabla hujafikiria kitu kingine. Chesisi hizi zimekunjwa mfano wa herufi C, na seti nyingi zinataka upande ulio wazi uzibwe kwa bamba ili zisipinde. Ziba, lakini acha matundu ya kutolea maji chini, na ndani mimina nta ya kuzuia kutu kazi ikiisha. Boksi lisilo na tundu katika hewa ya Mombasa huoza kutoka ndani, na nje rangi bado inang'aa.

Haya, vipimo. Usiondoe ekseli ya zamani. Narudia, iache hapo hapo. Weka gari juu ya stendi likiwa na mkao utakaokuwa nao siku ya kukabidhi, na uukadirie kwa tairi zenyewe zitakazotumika. Kama mwenyewe anataka mbele iwe chini kidogo kuliko nyuma, iwe hivyo tangu sasa, kwa sababu krosmemba ikichomelewa chesisi ikiwa sawa halafu gari likainama mbele, kasta uliyoitegemea (mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) inapungua. Pima maji juu ya chesisi upande hadi upande. Kisha teremsha timazi kutoka katikati ya gurudumu, kushoto na kulia, utie alama sakafuni kwa chaki, uipandishe alama hiyo kwenye chesisi na kuipiga kwa senta panchi. Chaki peke yake haitoshi, mtu atapita na ndala. Alama hizo mbili ndizo zitakazojua gurudumu lilikaa wapi ndani ya madigadi baada ya ekseli kwenda kwenye chuma chakavu.

Kisha vuta tepu kimshazari, kutoka alama ya kushoto hadi tundu la kiwandani upande wa kulia kule nyuma, na kinyume chake. Zikipishana zaidi ya milimita 3, ama alama ama chesisi imepinda. Usiendelee mpaka ujue ni ipi.

Kuna lingine kabla ya kukata. Zile injini za Chevrolet za silinda 6 za zamani zimeegemea krosmemba ya mbele, na radieta nayo iko hapo hapo. Ukiikata bila kuandaa mashikio mapya, injini inabaki imeshikwa nyuma tu. Tazama pia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kama itagombana na krosmemba mpya au na reki.

Krosmemba ikishafika mahali pake ishikishe kwa vidoti vya kuchomelea tu. Funga mikono bila koili. Badala ya shoki tumia kipande cha chuma bapa chenye matundu mawili, kirefu kiasi cha kuushika mkono wa chini ukiwa umelala sawa na sakafu. Huo ndio mkao wa safari. Sasa funga ubao ulionyooka kwenye habu na upime umbali wa ncha yake ya mbele na ya nyuma hadi uzi uliouvuta sambamba na gari. Toa kile chuma, pandisha habu kwa jeki sentimita 5, pima tena. Teremsha sentimita 5 chini ya mkao, pima. Ubao ukigeuka waziwazi kulia au kushoto, reki imekaa juu mno au chini mno, na gari hilo litajiendesha lenyewe kwenye kila tuta la Kongowea. Vidoti unavikata kwa grinda kwa dakika chache. Mshono mzima hutaukata.

Kuchomelea kwenyewe kunataka mambo mawili ya hapa kwetu. Rodi za 7018 hunyonya unyevu, na pakiti iliyoachwa wazi usiku mmoja Mombasa hutoa mshono unaoweza kupasuka baadaye bila kukuonyesha dalili. Zikaushwe kwenye oveni na zitumiwe zikiwa moto. Ukitumia mashine ya waya na gesi, upepo wa bahari hupeperusha gesi, kwa hiyo funga turubai. Choma vipande vifupi, kulia kisha kushoto, acha kipoe chenyewe, na upime mshazari tena katikati ya kazi. Ukimwaga maji ili upoze haraka, utapata chuma kigumu kinachovunjika. Betri itoke, tangi la mafuta litoke. Kwenye baadhi ya pikapu hizo tangi liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti.

Breki nitazipitia kwa haraka. Seti inaleta diski mbele, nyuma inabaki dramu. Masta silinda ya zamani ni ya njia moja na ina vali ya ndani ya kubakiza presha kwa ajili ya dramu. Ukiiacha, pedi za mbele zitakuwa zikisugua muda wote. Weka masta ya njia mbili. Ikiwa inabaki chini ya sakafu, weka vali ya kubakiza psi 2 kwa diski na psi 10 kwa dramu.

Shafti ya usukani ikihitaji yuni jointi mbili au zaidi, hakuna inayopaswa kupinda kupita digrii 30 hivi, na zikiwa tatu lazima pawe na bearingi ya kushikilia shafti katikati.

Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, injini ikiwemo. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umesokotwa na utachanika mapema. Mwenye gari aiarifu kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko haya kabla gari halijagusa lami, na gari lipelekwe ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Majaribio fanyia barabara ya Dongo Kundu asubuhi, kabla ya malori. Rudi, kaza kila bolti upya, kisha nenda alaimenti: kemba (gurudumu kulalia ndani au nje kwa juu) kati ya sifuri na nusu digrii ndani, kasta digrii 2 hadi 4 kwa reki isiyo na pawa na zaidi kidogo kwa yenye pawa, tou (ncha za mbele za magurudumu kuelekeana) milimita 1.5 hadi 3 kwa ndani. Muulize mwenye mashine, kabla hujaingia foleni, kama inapima kasta. Zipo zinazopima tou peke yake.